Walimu wa field, hiyo "s" itawaumbua

Karibuni, ninyi mliokuja kwa mazoezi ya kufundisha. Chai ya ofisi ipo, chapati mtajitegemea. Ila juzi nimekaa nyuma ya kidato cha kwanza nikaliona jedwali lile lile la kitenzi cha Kiingereza cha wakati uliopo ubaoni: I play, you play, he plays. Darasa likaimba, kengele ikalia, mwalimu akatoka anatabasamu. Jamani! Kuimba si kujua.

1. Usiseme "umoja ongeza s". Sema nafsi ya tatu umoja, yaani he, she, it, kila mara, hata ulimi ukichoka. Mimi nilikata kona, nikawaandikisha notsi: "Kiima kikiwa umoja, kitenzi kinaongezwa s." Jaribio likarudi limejaa I plays, you plays. Nikajaza X nyekundu, nikawasema kwamba hawasomi. Saa ya chai binti mmoja akaja ofisini na daftari, akaamkia, akauliza taratibu, "Mwalimu, kwani mimi ni wingi?" Ofisi nzima ikainua macho. Sentensi ilikuwa yangu, neno kwa neno, hadi nukta. Nikamwambia aende, nitaeleza darasani. Sikueleza, nikaingia na mada mpya kama mtu mwenye haraka. Mtihani wa muhula wakaandika vilevile, ndipo nikasahihisha notsi, na zile alama sikuzirudisha. Mwalimu wa taaluma hadi leo ananiita Mheshimiwa Wingi.

2. Watoto wanaijua he plays, lakini ukileta Asha badala ya she wanakwama. Na wanaoandika "the boys plays" msiwacheke: kwa Kiswahili tunasema "vitabu vimeanguka", wingi unaonekana kotekote, kwa hiyo wanapatanisha kwa akili kabisa. Andika ubaoni the boy plays, the boys play, waone s inavyohama. Hila hii inavunjika mkifika children, basi msiiite kanuni.

3. Does imeshabeba s. Does she play, she doesn't play. Iandikeni kwa chaki ya rangi.

4. Tahajia: watches, goes, studies, lakini plays, kwa kuwa y yake imetanguliwa na irabu. Yanatosha.

5. Matamshi: works inaishia na s, plays inaishia na z, watches inaongeza silabi. Ukitamka "weksi", ndivyo watakavyotamka hadi kidato cha nne.

6. "I am go to school every day" inatoka kwenye -na- ya "ninaenda", inayobeba ya sasa hivi na ya kila siku. Waulize kwanza: anaenda sasa, au huenda kila siku? Akijibu huenda, am haina kazi hapo.

Kuna mmoja lazima atauliza kwa nini nafsi ya tatu umoja peke yake ndiyo yenye s. Msimwambie "ndivyo ilivyo". Zamani Waingereza walisema thou playest (thou ni "wewe"), he playeth. Thou ikatoka kwenye mazungumzo ya kawaida pamoja na kiambishi chake, na -eth ikaipisha s.

Maandalio ya somo nayasaini kabla ya kipindi cha kwanza. Si saa ya chai.