Majina Wanayataka, Sisi Hawatutaki

SWALI: Sisi ni kikundi cha wanawake wa Nsambya, Kampala, wenyeji na Wakongomani, tuliounganishwa na akiba ya kila wiki. Familia zinazotoka Kivu huletwa kwetu zikiwa hazijui pa kulala, nasi huzitafutia chumba, unga wa posho na mtu wa kuwatafsiria hospitalini. Sasa shirika moja kubwa linataka tulikusanyie majina ya wahitaji, lakini tulipouliza nafasi yetu katika mradi tuliambiwa kwamba sisi ni wadogo mno. Tukubali?
Mweka hazina, Nsambya

JIBU: Dada yangu, msikubali kwa masharti hayo. Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kwenda watakako. Hata hivyo, anayechagua kuishi Kampala badala ya makazi ya wakimbizi kama Nakivale au Kyangwali kwa kawaida hapati mgao wa chakula, kwa hiyo anayempokea ni jirani, kanisa, msikiti, au kikundi kama chenu. Wakati wa marufuku ya korona mwaka 2020, vikundi vya wakimbizi wenyewe vilikuwa miongoni mwa waliowapelekea chakula wenzao wa mjini. Udogo wenu, basi, si hoja.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hayo majina. Mama aliyewaeleza kwa nini alikimbia, na nani anamtafuta, aliwaeleza ninyi kwa sababu mlizungumza naye kwa lugha yake, na siri hiyo ikipita mikono mitatu au minne hamtaweza kuirudisha. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inataka mhusika aridhie kwanza, huku akijua taarifa zake zinakwenda wapi na kwa kazi gani. Mwulizeni kila mmoja peke yake, wala asiyetaka asinyimwe msaada wenu.

Kuhusu nafasi katika mradi, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul, kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya kibinadamu zingefika kwa mashirika ya nchi husika kwa njia fupi iwezekanavyo. Lengo hilo halikutimia, na kwa maoni yangu sababu moja ni kwamba vikundi kama chenu huitwa mpango ukiwa umekwisha kuandikwa. Ombeni kuitwa mapema, na mkataba utaje malipo ya muda wenu, nauli na kodi ya chumba mnachokutania.

Kama bado hamjajiandikisha, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016 inaruhusu kikundi cha mtaa kufanya hivyo kupitia kamati ya wilaya. Nendeni na daftari lenu la akiba, kwani hesabu zilizoandikwa kila wiki huonyesha kwamba mnaweza kukabidhiwa fedha. Mpaka mkataba utiwe saini, orodha ya majina ibaki kwenu.