Tagi Kuukuu Ikilala Horini Kwenu, Tafuteni Nambari Kabla ya Rangi

Kuna kijana wa Malindi ameniandikia juzi. Anasema horini, mkono wa bahari karibu na kwao, imelala tagi ya zamani, zile boti za kuvuta meli kubwa, imepweleka kwenye tope na kuota chaza ubavu mzima. Yeye na wenzake wameanza kuchanga pesa waifanye makumbusho. Swali lake: wanunue rangi ya aina gani?

Ndugu yangu, rangi iache dukani. Tafuta nambari ya usajili wa chombo.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliipigania tagi moja hapa Lamu, iliyokuwa imetupwa kwenye mikoko upande wa Mkanda. Kila mtu mjini alikuwa na kisa chake kuihusu. Wazee barazani waliiita ya Mjarumani. Wavuvi wakisema ilizamisha manowari. Wengine waliapa kuwa ilileta mawe ya gati. Kila nilipoenda kuomba msaada niliulizwa swali moja tu: hii ni tagi gani? Na kisa cha barazani hakikubaliki ofisini, hata kikisimuliwa na mtu mzima mwenye ndevu nyeupe.

Nikamwendea ami yangu mmoja, fundi mitambo mstaafu aliyefanya kazi kwenye matagi ya Kilindini. Tulingoja bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, yakapwa vizuri, tukaingia na tochi. Ami hakutazama usukani wala bomba la moshi ambalo kila mgeni alikuwa akilipiga picha. Alitazama bamba za ubavuni kwanza. Akanionyesha mahali zilipoungwa kwa ribiti, ile misumari minene ya chuma, na mahali zilipolehemiwa, akasema, "Mwanangu, hii si ya vita vya kwanza. Kulehemu namna hii kumeshika baada ya vita vya pili." Mjarumani wa barazani akaishia hapo hapo.

Halafu akashuka chini ya sitaha, kwenye boriti kuu inayokwenda kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Meli zilizosajiliwa kwa sheria ya Uingereza, pamoja na zilizosajiliwa Mombasa enzi za ukoloni, zilichongwa nambari rasmi na tani zao za usajili kwenye boriti hiyo. Jina lilibadilika kila tagi ilipouzwa, lakini nambari rasmi ilibaki ile ile. Ami akakwangua kwa patasi pole pole: rangi ya kijivu, chini yake nyekundu, chini yake nyeupe iliyokuwa ngumu kama kaure. Kabla mimi sijaona kitu, alipitisha kidole gumba kwenye chuma akaanza kusoma tarakimu kwa kugusa, moja moja, huku mimi nikiandika kwenye kiganja. Sitasahau sauti yake humo ndani.

Kibao cha shaba cha mjenzi kilikuwa kimeshaibiwa, yamebaki matundu ya skrubu. Lakini cha injini kilikuwapo, kimefunikwa na grisi iliyoganda. Kwa nambari ya boriti na ya kibao hicho nilikaa na vitabu vya zamani vya Lloyd's Register, orodha ya meli za dunia, ambavyo vingi vimepigwa picha na vinasomeka bure kwenye intaneti, mpaka nikalipata jina lake la kwanza, aliyeijenga na waliowahi kuimiliki. Najivunia kazi ile. Hakuna aliyetutuma, na tuliifanya sawasawa.

Kilichofuata kinaniuma mpaka leo. Niliandika barua, nikaambatanisha kila kitu. Ofisi moja, ambayo siitaji, ikaikalia. Kila nikiuliza naambiwa mkubwa yuko safarini. Mwenye chombo akachoka kungoja, akawauzia watu wa chuma chakavu, wakaja na mitungi ya gesi wakaikata vipande. Mwenye chombo alinipa kile kipande cha boriti chenye nambari na ndoana ya kuvutia meli, kwa sababu aliona karatasi zangu akajua sibabaishi. Viko stoo kwetu Langoni, vimepakwa mafuta.

Sasa niwaambie vijana wa pwani ukweli. Mji wetu wa Lamu umeingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na milango na majumba tunavitunza. Vyombo je? Mtepe, chombo chetu wenyewe kilichoshonwa kwa kamba, haukubaki hata mmoja wa asili. Ukitaka kuuona nenda Makumbusho ya Lamu ukatazame mfano wake mdogo. Wenzetu wa Durban waliihifadhi tagi JR More ya 1961. San Francisco wanayo tagi Hercules ya 1907 na injini yake ya mvuke. Na Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika iliyojengwa Ujerumani 1913, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, lakini mafundi waliipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza waliiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Grisi tu, jamani! Kwa hiyo tagi yenu mkishaijua, pakeni grisi kila chuma kinachozunguka, hata kabla hamjapata shilingi ya mfadhili.

Msidhani sheria itawakingia kifua yenyewe. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Tagi haifiki huko. Waziri anaweza kuitangaza rasmi ilindwe, lakini hatatangaza kitu kisichojulikana ni nini. Ndiyo maana narudia: nambari. Ukishaipata, mtafute mwenye chombo, maana chombo kilichotupwa bado kina mwenyewe, na usipige hata nyundo moja bila hati yake iliyotiwa sahihi. Hapo ndipo mnaweza kwenda kwa Makumbusho, kwa kaunti, kwa yeyote mtakaye.

Na kwenye chumba cha injini, yale manyuzi meupe yaliyozungushiwa mabomba msiyaguse wala msiyabandue. Kwenye vyombo vya zamani mara nyingi huwa ni asbesto, na vumbi lake huua mapafu. Ami alinizuia mkono.

Kijana wangu, bamvua inakuja mwezi ukiandama. Nenda na mtu mzima anayejua mitambo, tochi mbili, patasi na brashi ya waya. Pigeni picha ya boriti kabla ya kukwangua na baada ya kukwangua, kisha mnitumie tarakimu. Vitabu nitavifungua usiku huo huo.