Maswali kwa Wakili: Mume anayepigwa nyumbani, sheria inamlinda?

SWALI: Wakili, habari. Nimekaa na mke wangu miaka tisa na tuna watoto wawili. Hunipiga na kunirushia vyombo; mwaka huu aliniumiza mkono hadi nikashonwa. Kadi yangu ya benki anakaa nayo yeye. Nilipoenda kituoni maafisa walicheka, wakaniambia nikayamalize na wazee. Rafiki yangu anasema sheria ya dhuluma za kinyumbani ni ya akina mama, tusubiri serikali itunge ya wanaume. Mwingine amenielekeza kwa mtu anayeuza hati za kuombea amri ya ulinzi zikiwa tayari, eti nitie sahihi tu kabla mke wangu hajanitangulia kortini. Je, ni kweli? Na nikihama, sitapoteza nyumba na watoto? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Nitaanza na huyo rafiki, kwa sababu maneno kama yake ndiyo yanayofanya wanaume wengi wafike ofisini kwangu wakiwa wamechelewa.

Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ilipitishwa mwaka wa 2015, na haimtaki mlalamishi awe mwanamke. Inamlinda yeyote aliye katika uhusiano wa kinyumbani: mume, mke, waliotengana, wachumba, waliozaa pamoja, jamaa wanaoishi nyumba moja. Nadhani uvumi ulianzia kwenye orodha ya dhuluma zilizotajwa humo, kwa kuwa ukeketaji, kupimwa ubikira na kutakaswa kwa wajane yamo, na msomaji wa haraka huishia hapo. Angeendelea kusoma angekuta kipigo, vitisho, matusi, kuharibu mali, kumwandama mtu, mateso ya kisaikolojia na dhuluma ya kiuchumi. Mkono wako ulioshonwa umo. Kadi yako ya benki imo. Katiba yenyewe, kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi, na kifungu cha 45 kinasema wanandoa wana haki sawa tangu siku ya kuoana hadi ndoa ivunjike. Hakuna sheria ya wanaume unayopaswa kuisubiri. Kila mwezi unaongoja ni mwezi mwingine wa kupigwa.

Maafisa waliokucheka walikiuka wajibu wao. Sheria hiyo inamtaka polisi akueleze njia za kisheria ulizo nazo, akusaidie kupata matibabu na mahali salama, na ukitaka, uandikishe taarifa mbele ya afisa wa jinsia yako. Rudi kituoni, omba dawati la jinsia, na usitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Wakikataa, muone mkuu wa kituo. Naye akikataa, peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Lakini nisikilize vizuri hapa: amri ya ulinzi haitolewi na polisi. Inatolewa na mahakama, na unaweza kwenda kwa hakimu mwenyewe hata kama kituoni walikufukuza. Hakimu akiona kuchelewa kutakuhatarisha, anaweza kutoa amri ya muda kabla mke wako hajasikizwa, kisha yeye aitwe ajibu. Amri inaweza kumkataza kukupiga, kukutisha, kuharibu mali yako, na hata kuamua nani abaki kwenye nyumba kwa wakati huo. Anayeivunja akijua anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi 12, au yote mawili.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Kesi za wanaume haziangushwi na sheria; huangushwa na aibu. Mwanamume anafika hospitali na jeraha, daktari anamuuliza, naye anajibu, "Nilianguka bafuni." Daktari anaandika alichoambiwa. Miezi sita baadaye mwanamume huyo yuko kortini akisema alipigwa, na wakili wa upande wa pili anainua ile karatasi na kusoma sauti ya juu kwamba mgonjwa alianguka. Utamlaumu nani? Siku uliyoshonwa mkono ulisemaje? Ikiwa ulisema ukweli, chukua nakala ya rekodi zako za matibabu. Ikiwa ulificha, usijaribu kuibadilisha karatasi hiyo. Eleza kwenye hati yako ya kiapo kwa nini ulificha, na kuanzia leo mwambie kila daktari mambo yalivyo. Chukua fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ijazwe jeraha likiwa bado linaonekana. Piga picha. Jumbe za vitisho usizifute, na simu iliyozipokea usiiuze wala kufuta vilivyomo, maana ushahidi wa kielektroniki unahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na anayekitoa lazima aweze kueleza ulivyopatikana.

Na tafadhali, usimrudishie. Najua uchungu ulionao. Lakini kofi moja utakalompiga baada ya miaka ya kuvumilia ndilo litakaloandikwa OB siku hiyo, na ndilo hakimu atakalolikuta kwanza.

Kuhusu nyumba na watoto: kuhama kwa usalama wako hakufuti haki yako. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe au iwekwe rehani bila idhini ya wote wawili wakati ndoa ipo, wala mmoja kumfukuza mwenzake bila amri ya korti. Watoto nao si mali ya mama wala ya baba. Korti hutazama maslahi yao kwanza, na Katiba inawapa wazazi wajibu sawa. Ukihama, endelea kulipa karo na matumizi, na hifadhi ushahidi wa kila malipo.

Huyo anayeuza hati zilizo tayari ni tapeli, nami sitalipamba neno. Wako wengi siku hizi, na soko lao ni wanaume walioumia. Huwapa takwimu wasizozielewa: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha asilimia 45 ya wanawake na 44 ya wanaume wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15, basi wanatangaza kwamba wake wanapiga sawa na waume. Hawasemi kwamba wanaume wengi katika idadi hiyo walipigwa na wazazi, walimu na watu wengine, na kwamba utafiti huohuo ulipouliza juu ya ukatili wa kimwili au kingono wa mwenzi wa ndoa, wanawake walikuwa asilimia 39 na wanaume 9. Hiyo tisa ni watu halisi, na wewe ni mmoja wao. Huhitaji takwimu ya uongo ili usikizwe, wala huhitaji kupunguza maumivu ya wanawake ili yako yaonekane.

Ile hati anayokuuzia ni kiapo. Inakuja na hadithi iliyokwisha kuandikwa, mara nyingi ileile aliyomuuzia mteja aliyekutangulia, na sahihi itakuwa yako. Kusema uongo ukiwa chini ya kiapo katika kesi ni kosa ambalo adhabu yake inafika miaka 7 gerezani, na muuzaji hatakuwa kizimbani nawe. Halafu "kumtangulia mke" ni ushauri wa hatari hata kwa mwenye kesi ya kweli. Hakimu hahesabu nani aliwahi kufika kortini. Anasoma tarehe, majeraha, mashahidi. Akishika uongo mmoja, ukweli wako wote uliobaki unatiliwa shaka, na mwanamume atakayesimama mbele yake wiki ijayo na kidonda cha kweli ataanza kwa kuulizwa hati yake aliinunua wapi.

Andika maelezo yako mwenyewe, kwa maneno yako, na tarehe unazozikumbuka. Ukikosa pesa za wakili, Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa na sheria ya 2016 kwa ajili ya watu wasiojiweza, wanaume kwa wanawake. Nenda na rekodi zako za hospitali na namba ya OB.