Kabla hamjaua mhusika wa mtu: maneno kwa ma-DM wapya

Jumamosi iliyopita nilikaribishwa kwenye meza ya dogo mmoja anayeanza kuendesha Dungeons & Dragons kama DM, yule msimulizi na mwamuzi wa mchezo. Nilikwenda kama mchezaji, nikaapa moyoni kwamba sitafungua mdomo isipokuwa kwa kula. Goblini wanne wanacheza karata, ngazi moja, mlango mmoja. Pambano la dakika ishirini. Tulimaliza baada ya saa mbili na robo, mihogo imepoa, mwenye rogi (mhusika mviziaji) kanuna, na mwenye paladini (shujaa wa kiapo) keshaondoka kuwahi daladala kabla goblini wa mwisho hajafa. Dakika arobaini ziliishia kwenye swali moja: goblini walishtukizwa au hawakushtukizwa, na kama walishtukizwa, tunapata raundi ya bure au hatupati?

Dogo alijibu mara tatu, kila mara jibu jipya. Nikajiona mwenyewe miaka ile, na sikupenda nilichokiona.

Basi haya ni yenu wote mlioanza mwaka huu. Nawapenda. Mnanichosha. Naongelea toleo la tano, kitabu cha 2014, maana ndicho kilichomo kwenye mabegi yenu. Wenye cha 2024 nitawagusa njiani.

1. Hakuna raundi ya bure.

Ilikuwepo toleo la tatu. Mmeirithi kwa waliowafundisha, kama watu wanavyorithi sufuria lililotoboka. Kwenye 2014 kila mtu anarusha inishietivu, dadu ya kupanga nani anaanza. Aliyeshtukizwa, zamu yake ya kwanza ikifika hasogei wala hafanyi kitu, na mpaka zamu hiyo iishe hana mjibizo, lile tendo la haraka la nje ya zamu yako. Ikishaisha, anao. Ndiyo maana wizadi aliyekutwa anakunywa uji, akarusha 19, anaweza kuinua uchawi wa Shield dhidi ya mshale wa rogi aliyerusha 8. Rogi atalia. Mwacheni alie. Kitabu cha 2024 kimeyafuta yote hayo: aliyeshtukizwa anarusha inishietivu kwa hasara, yaani dadu mbili anachukua ndogo (faida ni kinyume chake), basi.

Na yule anayepiga kelele "namchoma mkuki!" katikati ya mazungumzo na mfalme, hajachoma mtu. Kwanza inishietivu. Nilishawahi kumkubalia mmoja, mfalme akafa kabla hajamaliza salamu, na kampeni nzima ikageuka hadithi ya wakimbizi.

2. Kiswahili chetu mezani kinatuponza.

Tunasoma Kiingereza, tunaamua kwa Kiswahili, na katikati hapo kuna shimo. Pigo la kuvizia la rogi ni mara moja kwa zamu, na zamu maana yake ni zamu ya yeyote. Sisi tukisema "mara moja kwa zamu" kila mtu anasikia "zamu yake ikifika". Kwa hiyo orki anakimbia, rogi anamchoma mgongoni kwa mjibizo, na DM anamnyima zile dadu za ziada kwa sababu "umeshazitumia". Amezitumia kwenye zamu yake! Hii ni zamu ya orki. Mimi nilimwibia rogi wangu hivyo mwaka mzima na nusu, naye akawa ananishukuru kila tukimaliza.

Halafu kitabu kinatofautisha pigo la silaha ya mkono na pigo linalopigwa kwa silaha ya mkono. Ngumi ni la kwanza, si la pili. Ndiyo, nimelisema kwa Kiswahili na bado linachekesha. Mkikutana na sentensi ya namna hiyo rudini kwenye kitabu, msiamue kwa tafsiri ya kichwani. Wala msiamini majina: Chill Touch haina baridi na haigusi mtu, inapiga kutoka futi 120.

3. Faida tano na hasara moja zinafutana, mnarusha dadu moja. Wapiga mishale wawili ndani ya ukungu mzito, hawaonani kabisa, wanarusha kawaida kana kwamba wako uwanjani saa sita mchana. Ni upuuzi. Ni sheria. Songeni mbele.

4. Vishale vitatu.

Hili sijawahi kuliandika. Nilimsimulia mke wangu mara moja, akacheka mahali pasipochekesha.

Kampeni yangu ya kwanza. Sebuleni kwangu Sinza, Alhamisi jioni, manila iliyochorwa miraba kwa rula, vizibo vya soda badala ya sanamu. Wachezaji wanne, mmoja wao dada muuguzi aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini, viatu vyeupe bado mguuni. Wizadi wake aliitwa Bi Kidaka, kizibo cha Fanta. Alikuwa na kaunta buku ambamo aliandika kila kitu: majina ya wenye maduka, bei ya kamba, nani anamdai nani. Mimi nilidhani anaandika hadithi.

Adui yao mkubwa alikuwa mchawi mmoja niliyempenda kupita kiasi. Nilimpa joho, kikohozi na historia ya kurasa nne ambayo hakuna aliyewahi kuiuliza. Walipokutana naye mara ya kwanza alimkamata paladini kwa Hold Person, inayodai umakini kama mjuavyo: aliyeirusha akiumizwa, anarusha jaribio ili isikatike. Dada akarusha Magic Missile, vishale vyote vitatu kwa mchawi. Akauliza kwa upole: "Kaka, si anarusha jaribio la umakini mara tatu? Kila kishale si jeraha lake?"

Kitabu kinasema vishale vinagonga kwa wakati mmoja. Hakisemi kama kugonga kwa wakati mmoja ndiyo kuumizwa mara moja. Watu wenye akili timamu wanagombana juu ya hilo, na pande zote mbili zina hoja. Mimi sikuwa na hoja, nilikuwa na mchawi wa kumwokoa. Nikasema kwa sauti ya hakimu: vinagonga pamoja, pigo moja, jaribio moja. Nikarusha nyuma ya kadibodi inayoficha dadu za DM, 14, umakini ukabaki. Dada akaandika kitu, tukaendelea.

Wiki tatu baadaye, darajani. Levo ya 3. Bi Kidaka alikuwa na uhai 17, orki mmoja akaumaliza wote, akalala. Kleriki, mponyaji wa kikundi, alikuwa anafuata baada ya mchawi, Healing Word iko mdomoni, keshaanza kuokota dadu. Zamu ya mchawi. Paladini amesimama mbele yake, rogi yuko ubavuni. Mtu mwenye akili angewapiga hao. Lakini wiki ile wachezaji walikuwa wamemtania mchawi wangu, wakamwita Mzee Kikohozi, na mimi nilitaka wamwogope.

"Anamwelekezea kidole aliyelala chini," nikasema. "Magic Missile. Vyote vitatu."

Ukiumizwa ukiwa na uhai sifuri, unahesabiwa umeshindwa dadu moja ya kufa na kupona. Nikahesabu kwa vidole, moja, mbili, tatu. "Amekufa." Nikanyoosha mkono nikakiondoa kizibo cha Fanta kwenye manila. Mkono ule ndio ninaouota mpaka leo. Hakuna aliyeniomba nikiondoe.

Meza ikalipuka. Rogi anasema ni pigo moja, kleriki anasema subiri kwanza, paladini anatafuta jibu kwenye simu. Na mimi nayasema yale yale mnayoyasema ninyi sasa: sheria ni sheria, mimi sijaandika kitabu, kila kishale ni jeraha lake. Hoja yangu ilikuwa nzuri, nawaambia ukweli, ilikuwa nzuri sana. Saa nzima na dakika kumi. Katikati LUKU ikaisha, tukagombana kwa tochi za simu, na hakuna aliyekumbuka kwamba umeme unanunuliwa kwa simu hizo hizo.

Dada hakusema neno muda wote huo. Kisha akafungua kaunta buku, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akaliweka juu ya manila na kulimulika. Mwandiko wa wodini, wazi, tarehe pembeni: "Magic Missile = pigo moja. DM kasema." Na chini yake: "Nimeuliza. Sawa tu."

Mtu mzima hapo angesema nimekosea. Mimi nilisema: "Ile ilikuwa umakini, hiki ni kifo. Ni vitu viwili tofauti."

"Sawa, kaka," akasema. Akakichukua kizibo kiganjani mwangu, akakitia kwenye mfuko wa sare, akaaga mmoja mmoja, akaondoka. Hakurudi miezi miwili. Nilipompigia alipokea, akasema yuko zamu. Muuguzi siku zote yuko zamu, huwezi kujua.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana najua kuna mmoja wenu ameshafungua kitabu kutafuta jibu sahihi ni lipi. Sijali! Tatu ni sawa. Moja ni sawa. Moja kwa mchawi wangu na tatu kwa Bi Kidaka ni wizi, na mwizi nilikuwa mimi niliyeshika kadibodi. Tena ningeweza kusema mapema, kabla kidole hakijanyooshwa: jamani, kwangu kila kishale ni kushindwa kumoja, mnajua maana yake? Wangepiga kelele, tungelikubaliana, ningeendelea. Sikusema kwa sababu nilitaka ile sura watakayoiweka. Niliipata. Levo ya 3 hakuna wa kumfufua, Revivify kleriki anaipata levo ya 5.

Nilimwandikia ujumbe mrefu mara nne nikaufuta. Mwishowe nikatuma huu: "Pigo moja. Bi Kidaka yuko hai, ameshindwa dadu moja. Ni zamu ya kleriki."

Akajibu baada ya siku mbili: "Kaniponya ngapi?"

Nikaandika saba. Dadu ilitoa nne, naapa.

5. Msijifiche nyuma ya Crawford.

Kila meza ina mwanasheria wake, na kila mwanasheria ana picha ya skrini ya jibu la Jeremy Crawford, aliyekuwa msemaji mkuu wa sheria za mchezo. Mnakikumbuka kipaji cha ngao, Shield Master? Mwaka 2015 Crawford alijibu kwamba unaweza kumsukuma adui kwa ngao kwanza, kisha ukampiga. Mwaka 2018 akageuka: piga kwanza, ndipo usukume. Mchezaji wangu mmoja alikuwa amejenga mpiganaji mzima juu ya jibu la kwanza. Habari ilipomfikia alikaa na karatasi yake kama mtu aliyeambiwa kiwanja chake ni cha barabara. Nilimwachia asukume kwanza. Mpaka leo anasukuma, na meza haijaanguka.

Jibu la mtandaoni litafutwe mchezo ukishaisha. Mkishindwa kuelewana kwa dakika mbili, DM anaamua, mtu mmoja anaandika, siku hiyo inabaki hivyo.

6. Mengine, mbiombio.

Adui anapata pigo la mjibizo ukitoka kwenye ufikio wake, siyo ukiingia, na ukisukumwa halipo. Ukisubiri na uchawi mkononi, kuuachia kunakula mjibizo, na sloti (nafasi yako ya uchawi) imekwenda hata kama uliyemsubiri hakutokea. Ishirini kwenye dadu inagonga shabaha, haimshawishi mfalme akupe ufalme. Dadu iliyoanguka sakafuni inarushwa upya, na hili siyo la kitabu, ni la mama yangu, alilitunga kwenye Ludo.

Na nunueni kaunta buku. Siyo simu: simu inazima, halafu kila mtu ana yake. Moja tu, likae katikati ya meza pale chumvi inapokaa. Sisi letu limefika la tatu. La kwanza bado analo dada.

Maana alirudi, na siku hizi anaendesha yeye, Jumapili alasiri, kwake. Mimi nina rogi, kizibo cha tangawizi. Mwezi uliopita tuliingia pangoni, nikajifanya mjuaji, nikakimbia mbele peke yangu. Nikalala, uhai sifuri. Mchawi wake akaninyooshea kidole.

"Magic Missile," akasema. "Vyote vitatu."

Nikamtazama. Akalivuta lile kaunta buku kuukuu, akatafuta ukurasa taratibu, ingawa nina hakika anaujua kwa moyo, akanionyesha mstari. Pigo moja, DM kasema. Nimeshindwa dadu moja. Nikashusha pumzi, kleriki akaanza kuokota dadu zake.

"Kabla yako kuna mbwa mwitu," dada akamwambia.

Mbwa mwitu alikuwa pembeni yangu. Akarusha, akanipata. Ukiwa umezirai na aliyekupiga yuko ndani ya futi tano, hilo ni pigo la hatari, na pigo la hatari kwa aliyelala ni kushindwa mara mbili. Hakuna ubishi, limeandikwa wazi, nami nililifundisha meza ile kwa mdomo wangu. Moja na mbili.

Dada hakukigusa kizibo changu. Alinisogezea sahani ya mihogo, akasubiri mpaka nilipokiondoa mwenyewe.