Vikombe 40 na ndoo ya maji

Wiki iliyopita mliuliza: "Wewe uliyeacha kazi ya ofisi ukaingia kwenye sanaa, unajutia nini?" Mimi najutia vikombe 40.

Nilikuwa mhasibu kwa miaka 14. Nilipotangaza kwamba naacha kazi nikafinyange, mjomba alinitupia methali: udongo uwahi ungali maji. Nilikuwa na miaka 43, sikuwa na la kumjibu.

Sikuondoka mara moja. Mwaka mzima nilikuwa nusu ofisini, nusu karakanani, na huo ndio mwaka mbaya kuliko yote. Wanaoshauri "anza polepole" wana hoja yao, ila udongo haumsubiri mtu mpaka Jumamosi. Kikombe nilichokifinyanga Jumatano nilikikuta kimekauka. Nikikibandika mkono mbichi, unapasuka kwenye kiungo, maana mkono ndio kwanza unasinyaa na kikombe kimeshamaliza.

Hapo ndipo nikapata oda yangu ya kwanza kubwa. Nikavipanga vikombe vyote 40 kwenye joko la umeme, vikavu kwa kuvitazama tu, nikapandisha moto kwa pupa. Baada ya muda nikasikia "pu!" Halafu nyingine. Wengi husema ni hewa iliyonaswa. Mara nyingi ni maji. Yaliyobaki ndani ya kuta nene hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea huvunja ukuta. Kikombe kimoja kikilipuka huwajeruhi majirani zake. Nikazima. Kumpigia mteja simu kulinitoa jasho kuliko ukaguzi wowote wa hesabu.

Siku hizi nagusisha chombo shavuni kabla ya kukiingiza jokoni: kikiwa baridi, bado kina maji. Kisha nauacha moto chini ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa. Karibu na nyuzi 573 napita taratibu, kupanda na kushuka, kwa sababu chembe za quartz (madini ya mchanga) ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafla hapo. Yote naandika daftarini, tarehe, saa, nyuzi, hasara. (Uhasibu haukutoka mwilini.) Udongo wangu husinyaa asilimia 12 tangu ukiwa mbichi hadi unapotoka motoni, kwa hiyo kikombe cha sentimita 10 nakifinyanga cha 11.4. Mwanzoni nilikuwa nakisia, na vifuniko vikagoma kukaa.

Lakini vile vipande. Kwa kuwa moto haukuwa umefika mbali, vilikuwa bado ni udongo mkavu ambao haujaiva. Nikavitupa kwenye ndoo ya maji kwa hasira. Asubuhi nikakuta uji laini. Ndoo ya pili nilikuwa nimetia mabaki ya nusu mkavu, magumu kama ngozi, nayo yalikuwa bado mabongebonge. Ilibidi niyatoe, niyaanike yakauke kabisa, ndipo yalainike. Udongo uliokauka hurudi. Usiorudi ni ule uliokwisha kuchomwa. Mwezi uleule nikaandika barua ya kuacha kazi.

Oda niliifinyanga upya kwa udongo uleule, ikachelewa wiki tano. Nilifanya kikombe kimoja cha ziada, nikampelekea mjomba. Mkono wa kikombe umekaa upande kidogo. Anakitumia.