Sauti ya simu inakatika kwenye vifaa vya kusikia

Shikamoo mzee wa Mikindani, uliyeuliza kwa nini sauti ya simu inakatika kwenye vifaa vyako vya kusikia. Kama sauti inakatika pale tu simu ikiwa mfuko wa nyuma, vifaa vyako ni vizima. Mawimbi ya Bluetooth, yanayounganisha simu na vifaa bila waya kwa masafa ya GHz 2.4, hunyonywa na maji ya mwili, kwa hiyo hamishia simu mfuko wa shati. Bado? Futa muunganisho wa zamani kwenye simu, fungua na ufunge vilango vya betri vyote viwili, unganisha upya hapo hapo. Vifaa vingi, vikishawashwa hivyo, vinasubiri kuunganishwa dakika chache tu. Kifaa cha sikio moja kikizima mapema, shuku betri, maana kupokea sauti ya simu kwa Bluetooth huila kweli. Betri mpya ya zinki ukiibandua stika, iache ipigwe hewa dakika chache kabla ya kuitia. Na kwa unyevunyevu wa huko pwani, usiku acha vilango wazi.