Mfumuko umeshuka, mbona bei hazishuki?

SWALI: Tunaambiwa mfumuko wa bei umeshuka, lakini sisi wanne hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, pesa haifiki tarehe 20. Mshahara ni 45,000. Baada ya makato nabaki na kama 35,000, na chakula pekee kinakula 20,000. Kwenye kundi la WhatsApp wanasema takwimu zimepikwa, na kwamba nikitoa 10,000 yangu ya chama niwape wao nitapata asilimia 10 kila mwezi. Nimwamini nani?
Mama wa wawili

JIBU: Mama, swali hili naulizwa karibu kila wiki, na hao watu wa makundi wanajua hivyo. Ndiyo mtaji wao.

Mfumuko kushuka si bei kushuka; ni bei kupanda polepole zaidi. Chukua kikapu cha bidhaa kilichogharimu 1,000 Oktoba 2021. Oktoba 2022 mfumuko ulikuwa asilimia 9.6, kikawa 1,096. Mwaka uliofuata asilimia 6.9: kama 1,172. Oktoba 2024, redio zikishangilia asilimia 2.7, kikapu kilikuwa 1,203. Hakuna mwaka hata mmoja kiliporudi nyuma. Aliyepika takwimu hapo ni nani?

Tena kikapu hicho ni cha Mkenya wa wastani, ambaye sijawahi kukutana naye. Katika hesabu za KNBS, shirika la serikali la takwimu, chakula kina uzito wa karibu theluthi moja. Kwako ni zaidi ya nusu. Sukuma na unga vikipanda, wewe unaumia kuliko tarakimu inavyosema. Na ukinunua mafuta ya kupima badala ya mtungi wa lita tano, kila lita unailipia zaidi (sikulaumu, mtungi unataka pesa zote siku moja).

Makato nayo hayamo kikapuni kabisa. Ada ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5 ya mshahara, kwako 675. SHIF, ile bima ya afya ya jamii, tangu Oktoba 2024, ni asilimia 2.75, yaani 1,237.50. Bei zingesimama tisti mwaka mzima, bado hizo zingekatwa.

Sasa hao wa asilimia 10. Katikati ya 2024, serikali ilipokuwa ikikopa kwa riba kali, hati zake za mkopo za siku 91 (bili za Hazina) zililipa karibu asilimia 16, tena kwa mwaka mzima. Asilimia 10 kwa mwezi, faida ikirudishwa ndani, inageuza 10,000 kuwa zaidi ya 31,000 kwa mwaka. Ni biashara gani ya Nairobi hiyo, na mwenye nayo anakutafutia nini wewe na elfu kumi zako? Wa kwanza hulipwa kwa pesa za wa mwisho, halafu admini anafunga kundi. Nimeona walimu wastaafu wakipoteza kiinua mgongo hivyo, na kila mmoja alianza kwa kulipwa vizuri miezi miwili.

Waulize leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mara nyingi utaondolewa kundini kabla hujamaliza kuandika. Elfu kumi ibaki kwenye chama, na mwezi ujao mchange na jirani mmoja mnunue huo mtungi.